Kigoma kwa miguu na baiskeli: anza kwa kuangalia mwezi

Mgeni wa Kigoma huwa na haraka ya Gombe. Anashuka kwenye treni au ndege, analala usiku mmoja, asubuhi anapanda boti kwenda kuwaona sokwemtu, akirudi anaondoka. Ghuba, Kibirizi, Katonga na Ujiji anaviona kupitia kioo cha gari, kama aliviona kabisa. Mwongozo huu unamwomba mgeni huyo akae siku mbili au tatu zaidi na atembee. Umbali wenyewe ni mdogo: Kibirizi iko kama kilomita 2 kaskazini ya katikati ya mji, Katonga ni kilomita chache upande wa kusini-magharibi, Ujiji ni kama kilomita 8 kusini. Mtu mwenye miguu ya kawaida na baiskeli nzima anafika kote huko bila kumtegemea dereva.

Ila kuna jambo moja la kuelewa kabla ya kukata tiketi. Maisha ya pwani hii yanaongozwa na Ziwa Tanganyika, na ziwa lenyewe lina ratiba yake: lina usiku wake, upepo wake na mwezi wake. Ukifika wakati usiofaa utakuta ufuo mtupu na nyavu zimetundikwa, uondoke ukidhani Kigoma imepoa.

Hatua ya kwanza: chagua tarehe

Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Boti hutoka jioni, zikifika kwenye kina taa huwashwa, dagaa huufuata mwanga hadi juu, kisha wavu huwachota. Zamani taa ilikuwa karabai ya mafuta. Siku hizi nyingi ni za betri au sola. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa na mwanga, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwaita samaki. Ndiyo maana siku za mbalamwezi boti nyingi hulala ufuoni, wavuvi wakashona nyavu na kupumzika, na siku za giza mialo yote, yaani fukwe boti zinakofikia, ikachangamka.

Njia rahisi ya kupanga ni kufungua kalenda ya Kiislamu. Tarehe 14 na 15 za mwezi huo ndizo za mwezi mpevu, kwa hiyo epuka kuanzia kama tarehe 11 hadi 18. Fika kati ya tarehe 22 na tarehe 5 ya mwezi unaofuata, utaikuta Katonga ilivyo hasa.

Uliza pia kama uvuvi umeruhusiwa. Mwaka 2024 Serikali ilisitisha uvuvi upande wa Tanzania kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, jambo ambalo nchi zote nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zimekuwa zikilijadili kwa pamoja. Simu moja kwa mwenyeji wako au kwenye nyumba ya wageni itakupa jibu la mwaka huo.

Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, huisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kiangazi njia ni kavu na baiskeli inakwenda vizuri, lakini upepo wa kusini huamsha mawimbi, na moshi wa mashamba yanayochomwa huficha milima ya Kongo ng'ambo. Anayetaka kuiona milima hiyo waziwazi aje wakati wa mvua na aangalie mara tu baada ya mawingu kufunguka. Mimi ningekwambia uje mwishoni mwa Mei au Juni, kama ziwa halijafungwa: matope yamekauka na hewa bado ni safi.

Hatua ya pili: badilisha saa yako ya mwili

Anayetoka Dar es Salaam hushangaa siku ya kwanza. Saa ni ileile ya nchi nzima lakini Kigoma iko magharibi sana, hivyo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, wakati mwingine likapita kidogo. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza totoro. Jua kali zaidi halipigi saa sita, linapiga kati ya saa saba na saa tisa. Kwa hiyo panga kuondoka saa moja kasoro, mapambazuko yanapoanza, pumzika kivulini kuanzia saa saba, endelea tena saa kumi. Jioni una mwanga mrefu wa kurudi taratibu.

Hatua ya tatu: baiskeli na mzigo

Baiskeli ya kukodi utaipata kwa kuuliza mafundi baiskeli, hasa maeneo ya sokoni Mwanga. Si biashara rasmi yenye risiti: unakubaliana bei ya kutwa, unaacha namba ya simu na mara nyingi fedha ya dhamana. Mwenyeji akikusindikiza kwenda kwa fundi, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Kabla ya kulipa, kagua breki kwa kuisukuma baiskeli huku umezibana. Kigoma ni mji wa vilima, na barabara kuu inapanda kutoka stesheni hadi Mwanga bila huruma, kwa hiyo breki zina kazi kubwa kuliko kengele na karia. Zungusha gurudumu kuona kama limepinda, shika spoku kusikia iliyolegea, tazama mnyororo. Baiskeli nzito isiyo na gia inatosha kwa njia ya Ujiji, ambayo ni lami. Ya Katonga ina milima, na kushuka ufukweni ni vumbi na mawe. Huko ukipata yenye gia utaniombea dua. Chukua pampu ndogo, tyubu au viraka, maji lita mbili kwa kila mtu, kofia, na kamba ya kufungia mzigo kwenye karia.

Usisahau kitambulisho. Kigoma ni mkoa wa mpakani, Burundi iko karibu na Kongo iko ng'ambo ya maji, na kuulizwa wewe ni nani na unatoka wapi ni jambo la kawaida. Kitambulisho cha taifa, au pasi kwa mgeni wa nje, kikae mfukoni na si hotelini. Na kamera yako isielekezwe bandarini, kwenye reli wala kwa askari bila ruhusa.

Siku ya kwanza: kwa miguu, kutoka stesheni hadi Kibirizi

Anzia stesheni. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na jengo walilolijenga mwishoni mwake bado linaitazama barabara kuu yenye miembe. Mji huu kuitwa Mwisho wa Reli kulianzia hapo.

Panda kidogo barabara, kisha geuka uitazame ghuba. Chini ndiko ilikounganishwa meli inayojulikana leo kama MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa kwa bahari na reli, ikaunganishwa upya hapa na kushushwa majini 1915. Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wanakaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, ila mafundi waliipaka injini grisi nzito kwanza. Grisi hiyo ndiyo iliyoiokoa. Waingereza waliiibua 1924 na ikarudi kazini 1927. Fikiria mapagazi na vibarua waliobeba vyuma vile; majina yao hayakuandikwa popote kwenye meli.

Kutoka hapo fuata barabara inayozunguka ghuba kwenda kaskazini. Watu watakwambia upite relini kwa kuwa ni njia ya mkato; shika barabara. Ukitembea polepole, nusu saa mpaka dakika arobaini na tano unaingia Kibirizi, karibu na matangi ya mafuta.

Fika mchana, kuanzia saa sita. Huo ndio wakati boti za abiria za kaskazini, zinazokwenda vijiji vya ziwani hadi karibu na mpaka wa Burundi, zinapakiwa. Magodoro, makreti ya soda, mabati, kuku, watoto wa shule na bibi zao wote wanaingia kwenye boti moja ya mbao, na kuna mpangilio ambao mgeni hauoni mpaka boti iondoke bila mtu kuachwa. Simama pembeni, usizuie njia ya wapakizi. Chai na chapati zipo jirani.

Tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yamepanda sana kwa vipindi, na baadhi ya vijia vya ufukweni vilivyokuwepo zamani vimemezwa. Ukiambiwa hapa hapapitiki, amini na uzunguke.

Siku ya pili: Katonga alfajiri, Mwamahunga mchana

Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote, nayo ndiyo ya kuamkia mapema. Toka mjini na mwanga wa kwanza, shika barabara ya upande wa Bangwe na Katonga. Penye mlima mkali shuka usukume. Wenyeji nao wanasukuma.

Lenga kuwa mwaloni kabla ya saa mbili asubuhi. Siku za giza boti zinarudi wakati huo, kwa makumi, zimechafuka masizi na magamba. Dagaa wanashushwa kwa mabeseni na ndoo, bei inakatwa palepale, na ndani ya muda mfupi ufuo mzima unang'aa kwa samaki walioanikwa. Wengine bado huanika kwenye mchanga na changarawe, wengine kwenye vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Tofauti hiyo si ndogo: dagaa wa kichanja hana mchanga, anakauka pande zote mbili na bei yake ni bora. Angalia jinsi wanawake wanavyowageuza na jinsi macho yao yanavyotazama mawingu kila baada ya dakika chache. Mvua ya ghafla ya saa nne inaweza kuharibu kazi ya usiku mzima.

Adabu ya mwaloni ni rahisi. Shuka kwenye baiskeli, isukume, usikanyage wala kuruka walipoanikwa dagaa hata kama ni mstari mwembamba. Salimu kabla ya kuuliza, na kwa waliokuzidi umri anza na shikamoo. "Shikamoo mama, pole na kazi. Giza la leo limetoa?" Swali hilo linafungua mdomo wa mtu yeyote Katonga. Utajibiwa "Marahaba mwanangu", kisha utapewa habari za usiku uliopita, bei ya beseni, na pengine za mume aliyechelewa kurudi. Picha omba baada ya mazungumzo, ukikataliwa shukuru. Watu wapo kazini.

Ukiona samaki wakubwa kidogo, warefu na wembamba, hao ni migebuka. Kuhe ni yule mpana mwenye heshima sokoni, na ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa jamii ya sato na perege duniani. Sangala ni mkubwa wa kukatwa vipande. Kunywa chai hapo, kisha jua likishapanda rudi nyuma hadi njia panda ya kwenda Mwamahunga, ambako wengi hukuita Jakobsen. Kutoka barabarani ni mwendo wa kama dakika ishirini kwa miguu. Sehemu ya mwisho inashuka. Iongoze baiskeli kwa mkono. Kuna kiingilio, kwa hiyo beba fedha taslimu ndogondogo.

Ni kijifuo kidogo cha mchanga chini ya mlima wenye miti, maji ni maangavu hivi kwamba unaona vidole vyako ukiwa umesimama hadi kifuani. Aliye na miwani ya kuogelea aende pembeni kwenye mawe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, na kwa umri wake wa mamilioni ya miaka limelea aina karibu 250 za samaki wa jamii ya perege, wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote. Mmoja wa mistari, mwingine wa madoa, mwingine anayewalinda watoto mdomoni: yote hayo yako kwenye mawe umbali wa hatua kumi kutoka kwenye taulo yako. Watu hulipa nauli kubwa kwenda baharini kuona kidogo kuliko hicho.

Kuhusu kuogelea, sikiliza vizuri. Kichocho kipo katika ziwa hili, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye matete na karibu na makazi, kwa sababu konokono wanaokibeba hukaa humo. Chagua maji ya wazi yenye mchanga au mawe, jifute mara ukitoka, na ukirudi nyumbani pima baada ya wiki sita au zaidi. Dawa yake ni nafuu na inafanya kazi. Mamba na viboko nao wapo baadhi ya maeneo ya ziwa. Mahali usipopajua usiingie majini kabla ya kumuuliza mwenyeji, na alfajiri au jioni usiingie kabisa. Maji haya yana kina cha ghafla, kwa hiyo asiyejua kuogelea abaki kwenye maji ya magotini.

Ondoka kuanzia saa kumi. Chakula chako kifunge vizuri muda wote, maana tumbili wa mlimani wana mikono myepesi.

Siku ya tatu: baiskeli hadi Ujiji

Lami moja kwa moja kutoka Mwanga, daladala na bodaboda nyingi, kwa hiyo kaa kushoto kabisa na usiendeshe usiku. Kama saa moja ya mwendo wa polepole inatosha.

Ujiji ni mji mkongwe kuliko Kigoma, na ni mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa. Kaptura fupi na vifua wazi viache Mwamahunga. Ijumaa mchana usipange kukutana na mtu, watu wako msikitini. Wakazi wake wametoka pande nyingi: Waha na Wajiji wa hapa, Wamanyema na Wabembe ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa, na wengine walioletwa na misafara. Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani hapa kwa vizazi vingi.

Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupita Tabora ilifikia ziwani hapa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Februari 1858 wakiifuata, tayari ikiwa njia inayotumika miaka mingi. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walipita mitaa hii. Ingia makumbusho ya Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, yaliyo mita mia chache kutoka barabara kuu. Utaoneshwa sanamu za Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, na Livingstone wakisalimiana, mnara wa kumbukumbu, na miembe inayosemekana imetokana na mwembe waliokutania Novemba 1871. Mwongozaji akimaliza salamu hiyo maarufu, mwombe azungumzie yaliyotangulia: Julai mwaka huohuo Livingstone alishuhudia mamia ya watu wakiuawa kwa risasi sokoni Nyangwe, Kongo, jambo lililomfanya arudi Ujiji akiwa amevunjika moyo. Mwulize pia kuhusu Susi, mtumishi wa Livingstone aliyetoka mbio kumlaki Stanley, na ambaye pamoja na mwenzake Chuma aliongoza safari ya kuubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo baada ya kifo chake Mei 1873. Kwangu mimi hao ndio wenye hadithi.

Halafu simama penye mnara utafute ziwa. Liko mbali kidogo, na wengi hushangaa, maana husomwa kwamba mkutano ulikuwa karibu na maji. Enzi hizo maji yalikuwa juu zaidi. Mwaka 1878 yalivunja kizuizi kwenye Mto Lukuga upande wa Kongo, ziwa likamwagika kuelekea magharibi na kushuka karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Ufuo ukasogea, mnara ukabaki nchi kavu.

Endelea kama nusu kilomita hadi ufukweni. Huko boti za mbao bado zinaundwa kwa mkono. Mafundi hawana shida na mtazamaji anayesalimu na kukaa kando; kaa hata saa nzima uone ubao unavyopindwa na nyufa zinavyozibwa. Kula Ujiji kabla ya kurudi. Agiza mgebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Mawese ya hapa yanatokana na michikichi ya mkoa huu, na ladha yake usiihukumu kwa ile uliyoionja kwingine.

Ukitaka kuongeza Gombe

Baiskeli irudishe kwa fundi, maana hifadhi hiyo inafikika kwa maji tu na ndani yake ni kutembea. Iko kama kilomita 16 kaskazini ya mji. Boti za abiria kutoka Kibirizi ni za bei nafuu na huchukua saa tatu hivi, lakini Jumapili usizitegemee. Za kukodi ni za haraka na ghali. Jane Goodall, mtafiti wa sokwemtu, alifika hapo Julai 1960, na Gombe ikawa hifadhi ya taifa 1968. Watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata sokwemtu. Mwenye mafua asiende, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua yanawaua. Mkiwapata, kaeni umbali wa mita 10 na muda wenu ni saa moja.

Kununua dagaa wa kubeba

Acha jambo hili siku ya mwisho. Chukua wachache mkononi: wawe na rangi ya fedha, wakavu kiasi cha kuvunjika ukiwapinda, wasiwe na unyevu kwenye tumbo. Wasugue kwenye kiganja kisha utazame kama mchanga umebaki. Onja mmoja. Walionyeshewa wana rangi ya njano na harufu kali; waache. Wafunge kwenye mfuko wa karatasi au kikapu kinachopitisha hewa, kwani ndani ya plastiki watatoa jasho na kuota ukungu kabla treni haijafika Tabora. Mawese nunua kwenye chombo kipya chenye kifuniko cha kuzungusha, kiweke wima, na kifungie mfuko wa ziada. Doa lake halitoki kwenye nguo.